Ndagala kwa Maji ya Viazi

Bukavu, Jumapili tarehe 9 Machi 2025
Asubuhi mawingu mazito upande wa ziwa, manyunyu hadi saa tatu, kisha jua dogo.

Mdogo wangu Francine,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Djafari na kwa Asumini, ambaye sasa lazima anakaribia kung'oka meno ya mbele. Sisi tuko. Tangu Mama ashuke kutoka Mudaka mwezi wa kwanza, akikimbia vita, vyumba vyangu viwili vimekuwa vidogo, lakini tunapishana. Kazi kwenye ofisi ya shule imeanza tena, nusu siku. Mshahara bado haujaanza. Maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa juma, siku zingine napanda nayo kutoka bondeni, na mgongo umeanza kunijibu.

Unauliza kwa nini sikupigii simu. Ukuta wangu ni wa mbao. Kila ninalosema Mama analisikia, na jina lako likitajwa anageukia ukutani. Barua haina sauti.

Kitabu cha mapishi ulichonitumia kimefika. Maman Mapendo, yule mchuuzi anayepanda na kushuka Uvira, alikichomoa katikati ya gunia lake la ndagala, kimefungwa sachet tatu za plastiki, na bado kinanuka samaki. Hukuandika umekipata wapi wala kwa nini. Ni kizuri, Francine. Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kupiga picha ya mboga ya lengalenga kama mtu anavyopiga picha ya bibi arusi. Vyakula vyote ni vya kwetu: mashanza ya Kabare, yale maziwa ya kugandisha, samaki wadogo sambaza wa ziwa letu, bishusha ya majani ya maboga, ndizi na maharagi, samaki wa huko kwenu. Hakuna hata kimoja kinachotaka kitu cha kopo. Nimesoma kurasa kumi za kwanza nikiwa nimesimama, na beseni la maji bado liko miguuni.

Sasa habari yenyewe. Mama hali. Vijiko viwili, vitatu, anasukuma sahani. Mganga wa kituo cha afya alimpima akasema hakuna ugonjwa mwingine ila uzee na safari ile ya kukimbia. Asipokula atakufa, tusitafute sababu nyingine. Jana nilimsomea ukurasa wa mashanza kwa sababu sikuwa na la kusema. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Huyu muntu wa kitabu anapika na saa mukononi? Dakika kumi na tano! Maziwa inajua dakika?" Ni sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwezi huu.

Nimeamua: kila Jumapili chakula kimoja, kwa mfuatano, kutoka ukurasa wa kwanza. Siku zingine makala ya kupikia hayatoshi.

Dada yako,
Eulalie


Uvira, Ijumaa 28 Machi 2025

Yaya Eulalie, mukubwa wangu,

Nakusalimu sana. Huku tuzima. Mfungo unaishia juma hili. Asumini alifunga nusu siku moja, kisha tulimkuta nyuma ya nyumba na muhogo wa kuchoma, akasema ulikuwa umeanguka mdomoni. Djafari anauza kidogo, barabara ikiwa mbaya anauza kidogo zaidi. Joto la hapa unalijua.

Barua yako ilichukua siku kumi na sita. Niliisoma nikiwa nimefunga, nikafikiri juu ya Mama ambaye anafunga bila mwezi na bila Idi.

Yaya, nitasema mara moja tu. Mama alikuja kwangu mara moja, Asumini alipozaliwa, miaka sita sasa. Mama mkwe alipika tangu alfajiri: wali wa nazi, samaki mukeke wa kukaanga, kuku mzima. Sinia liliwekwa mbele ya Mama. Alikaa mbele yake hadi saa kumi jioni. Hakugusa. Hata maji hakunywa, na lilikuwa jua la mwezi wa tisa. Kisha akafunga kitenge chake, akapanda gari. Wifi yangu alisema mbele ya watu: "Mama ya Amisa ameona chakula cha Waislamu ni uchafu." Nililia. Tangu siku hiyo sijapanda Bukavu, na sitapanda nyumbani ambako sahani yangu inakataliwa. Unajua mimi nilivyo. Nimeumbwa kutoka kwake.

Lakini nataka kitu kimoja. Nataka ale chakula cha mkono wangu, hata vidole viwili, kabla hajaenda.

Nakuomba uniambie amepungua kiasi gani. Na uniambie umefika ukurasa gani wa kitabu.

Mdogo wako,
Francine (Amisa)


Bukavu, Jumapili tarehe 20 Aprili 2025, Pasaka
Mvua usiku kucha, asubuhi ukungu, njia ya kwenda misa ni matope hadi kwenye vifundo.

Mdogo wangu,

Kristo amefufuka, nawe najua ulikuwa na Idi yako njema. Salamu kwa nyumba yote. Paa limevuja pembe moja, nimeweka sufuria. Padri aliulizia habari za Mama, nikasema anasalimia, ingawa hakunituma.

Niko ukurasa wa kumi na tisa, bishusha na karanga. Nilinunua majani soko la Kadutu kwa mama mmoja wa Mudaka, Mama aliponisikia nikimtaja akataka kujua ni wa kilima gani, baba yake nani, na kama ng'ombe wa jirani walipona. Nilikuwa sijauliza. Aliniambia: "Unanunua mboga kwa muntu bila kuuliza habari yake? Ile ni mboga ao ni majani?" Kisha akaanza kunionyesha kumenya nyuzi za majani, kwa vidole vyake mwenyewe, na alipochoka akaendelea kunionyesha kwa kidevu. Alikula vijiko sita.

Kwa hiyo kitabu kinafanya kazi. Si kila ukurasa. Wali wa Ruzizi alionja tu. Lakini tangu Jumatano ananiuliza: "Jumapili ni nini?" Mtu anayeuliza Jumapili ni nini anataka kufika Jumapili. Nami, nikitoka kazini nimechoka hadi kwenye kope, na usiku silali kabla ya saa sita kwa kumsikiliza Mama, nakaa kitandani nafungua kitabu na kuangalia picha tu. Kuna moja ya sambaza zimemwagwa juu ya jani la ndizi, zinang'aa kama zimetoka majini sasa hivi. Naiangalia kama mtu anavyoangalia mahali atakapokwenda.

Unaniuliza kuhusu kupungua. Nitakuandikia.

Eulalie


Uvira, 11 Mei 2025

Yaya,

Salamu. Sisi wazima, wifi tu ana malaria.

Uliandika "nitakuandikia". Siyo jibu.

Ruka kurasa, yaya. Kitabu cha mapishi si rozari. Nenda ukurasa wa hamsini na nane.

Francine


Bukavu, Jumapili tarehe 1 Juni 2025
Hakuna mvua tena. Vumbi la kwanza dirishani.

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi yako, apone haraka.

Siruki rozari na siruki kitabu. Nikianza kuruka, kesho nitaruka Jumapili yenyewe, kisha nitaketi. Ninajijua. Nimesimama kwa sababu ninafuata mstari.

Lakini naona hamsini na nane ina jambo, nawe hutaki kulisema. Sitaichungulia. Tangu utotoni, unaponificha kitu, ni mimi ninayekipokea vibaya, kwa hiyo nitakifikia kwa mguu.

Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa mbuzi. Nilidhani Mama atafurahi, nyama tunaiona mara chache. Alicheka hadi akakohoa. "Mbuzi! Wakati yetu mwanamuke wa Bushi kwetu alikuwa anachunga mbuzi, anaosha mbuzi, anapikia bwana mbuzi, na yeye anakula harufu. Leo wananiwekea picha." Hakula. Alikula maharagi ya pembeni.

Baada ya hapo akaanguka mlangoni. Si kitu kilichovunjika. Lakini amelala majuma mawili, na sikupika kutoka kitabuni. Alirudi kwenye vijiko viwili.

Jana ameuliza: "Jumapili ni nini?" Ndiyo maana nakuandikia.

Eulalie


Bukavu, Jumapili tarehe 6 Julai 2025
Baridi ya kiangazi asubuhi, ziwa halionekani kwa moshi wa mashamba.

Francine,

Nakusalimu, na leo nitafupisha salamu, nisamehe.

Tumefika ukurasa wa hamsini na nane. Hakuna uso kwenye picha, ni mikono tu na mwiko. Imeandikwa: *Ndagala kwa maji ya viazi. Maman Amisa, Uvira.* Nilikaa chini. Kumbe ni wewe, kwa jina lako la ndoa, ulitoa chakula chako kwenye kitabu, na kitabu ukakituma katika gunia, na ukangoja miezi minne bila kusema. Jamani, mdogo wangu.

Nilimsomea Mama, jina nikaliacha. Osha ndagala kavu kwa maji ya moto. Zikaange juu ya kigae bila mafuta hadi zianze kulia. Chukua maji yaliyochemsha viazi vitamu, bado ya moto, uyamwage juu yake mara moja. Funika.

Mama alikuwa amelala akitazama ukuta. Aligeuka.

"Soma tena pale pa maji."

Nikasoma tena.

"Nani mwingine anamwaga maji ya viazi juu ya ndagala? Nani? Ni mimi nilimufundisha, ule mwaka hatukukuwa na mafuta. Alikuwa na miaka tisa, alichomeka kidole hiki." Akanionyesha kidole chake mwenyewe. "Huyo ni mutoto wangu. Pika."

Nilipika. Nilienda soko la Nyawera kutafuta ndagala za Uvira, si za kwingine. Harufu ilijaza nyumba zote mbili, yetu na ya jirani. Mama alijiinua mwenyewe akaketi. Nikaweka bakuli mbele yake. Aliliangalia muda mrefu, mate yanamshuka pembeni ya mdomo, nikamfuta. Kisha akalisukuma.

Nilikasirika, Francine. Miezi minne ya maji mgongoni ilinipanda kichwani. Nilisema: "Maman, unakataa tena mutoto wako? Sababu ameolewa kwa Waislamu?"

Akaniangalia kama mtu aliyesikia upumbavu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Dini inaingia wapi? Hii ni chakula ya nyumba ya mukwe. Mama muzazi hakule kwa mukwe mpaka mukwe amufungulie kinywa. Anakuja na mbuzi, anakaa chini mbele yako, yeye mwenyewe, si mujomba wake, anasema: maman, kula. Neno ile tu. Bila ile, ukikula, umekula binti yako. Djafari alinilipia gari, alinipa kitenge, ndugu zake walileta sinia mbele yangu kama vile wananijaribu. Nilikaa mpaka saa kumi nikingojea aseme. Njaa iliniuma kama mukuki. Hakusema."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. "Mambo ya mukwe, mama hayaseme. Wajomba wa kijana ndio wanamufundisha. Ningejiombea kinywa yangu mwenyewe kama muombaji?"

Mimi sikuolewa, hakuna aliyenifundisha. Wewe uliondoka ukiwa mdogo, ukasomea kwa shangazi, huko Lwiro. Na wajomba wa Djafari ni watu wa biashara wenye asili ya pwani, walimaliza mahari mbele ya shehe wakajua yote yameisha. Hakuna aliyekuwa mbaya. Sijui kama hilo linanipumzisha au linanichosha zaidi.

Bakuli nimewapa watoto wa jirani. Mama amelia kidogo, akasema ni kwa moshi.

Eulalie


Uvira, 24 Julai 2025

Yaya wangu,

Nakusalimu. Asumini amepoteza jino la kwanza, analiweka mfukoni.

Nilimsomea Djafari barua yako nje, kwenye mkeka. Aliinuka, akaketi tena. Kisha akasema: "Yaani mama mzima alikaa na njaa nyumbani kwangu, akingojea neno kutoka kwangu? Na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba najificha, nikisema amechukia chakula chetu?" Aliingia ndani akamwambia mama yake. Mama mkwe alijipiga kifua: "Yule kuku! Nilimkaanga na hasira miaka sita!" Wifi aliondoka, jioni akaniletea nazi mbili, hakusema ni za nini.

Nilitoa chakula kile kwenye kitabu kwa sababu mabibi waliokuja kukusanya mapishi waliniuliza: kitu gani ulijifunza nyumbani? Sikuwa na kingine. Nilifikiri atakula bila kujua, na mimi nitajua. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu yote.

Sasa muulize Mama. Yeye hawezi kushuka Uvira. Neno lile linaweza kusemwa kwako, au lazima lisemwe nyumbani mwa Djafari? Djafari anasema atapanda, barabara iwe ilivyo. Ila hataki kukosea tena.

Na usinifiche, yaya.

Francine


Bukavu, Jumatano tarehe 6 Agosti 2025
Upepo na vumbi.

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Maman Mapendo anangoja mlangoni na mzigo wake kichwani, naandika nimesimama.

Nilimuuliza. Alifikiri siku mbili, kama hakimu. Jibu: "Sufuria yake ikikuja, nyumba yake imekuja. Sufuria wanayopikia kila siku, nyeusi chini. Na makala yao. Asiniletee sufuria mupya ya duka, nitaijua."

Mbuzi, anasema, atamsamehe; barabara imejaa watu wanaopenda mbuzi za wengine.

Hukuuliza tena amepungua kiasi gani, kwa hiyo nakuambia. Ninamwinua kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unatandika shuka. Njooni sasa.

Eulalie


Bukavu, Jumapili tarehe 14 Septemba 2025
Asubuhi jua kali, saa nane mvua ya kwanza, kubwa, harufu ya udongo hadi ndani ya nyumba.

Mdogo wangu Francine,

Natumaini mlifika salama na Asumini hakutapika tena baada ya Sange. Salamu kwa mama mkwe. Mwambie nazi alizotuma zimemshangaza Mama, anasema ni yai la mti. Shule imefunguliwa, niko kazini siku nzima. Jirani anamwangalia Mama mchana.

Ulinishukuru kwenye simu ukaharakisha, kwa hiyo naandika nilivyoona mimi. Nilikuwa mlangoni na beseni. Ulishuka kwenye gari umepakata sufuria, gauni lako limechorwa duara jeusi, na ulikuwa umechoka hata hukunisalimu, ulisema tu: "Askari walinifungulisha kifuniko kila barrière ya barabarani. Wakaangalia ndani. Mmoja akauliza, maman, unabeba nini? Nikamwambia, nyumba." Sijacheka hivyo tangu mwaka huu uanze.

Na Djafari. Mtu mzima, ana duka, ana ndevu, anatafuta pa kuweka mikono mbele ya bibi kizee asiyejaza kitanda. Alikaa chini kwenye sementi, akaanza: "Mama yetu mpendwa, kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha…" Mama akamkatiza: "Huyu anasoma habari ya radio? Ndagala inapoa."

Akasema: "Maman, kula."

Uliona mwenyewe. Alichukua bugali, akafinyanga, akachovya, akaweka mdomoni, akatafuna polepole sana na macho yamefungwa. Sote tulingoja. Hata Asumini alisogea kuona. Kisha akasema: "Chumvi imezidi." Nawe ukalia, na Djafari akaomba msamaha kwa chumvi, kwa sinia, kwa miaka sita, vyote kwa pamoja, na Mama akamwambia: "Sogea, unanizibia mwanga." Kisha akamaliza bakuli.

Usiku ule ulisema utalala karibu naye. Nilikwenda kitandani saa mbili. Sikumbuki kuvua viatu.

Sasa jambo la sufuria. Uliisahau, au ulijifanya umeisahau, sikuulizi. Nilitaka kumpa Maman Mapendo airudishe, maana najua ndiyo mnayopikia huko. Mama amekataa. Ameniagiza niiweke karibu na kichwa chake. Asubuhi ananiambia: "Funua." Ninafunua kifuniko, ananusa, anasema: "Nilikuwa Uvira." Kisha anakubali uji. Nunueni nyingine. Itakuwa nyeusi kabla ya Krismasi.

Simdanganyi mtu: hatapata nguvu za mwanzo. Lakini leo amekula nusu bakuli, sambaza za ukurasa wa tisini na tatu, na alipomaliza aliniuliza Jumapili ijayo ni nini. Ni ndizi na maharagi. Zimebaki kurasa nyingi. Siruki.

Paa halijavuja. Amelala kabla yangu, mkono juu ya kifuniko. Naandika katika buku langu la siku kama kila siku, tarehe, mvua, alichokula, na mstari wa mwisho:

Nimelala saa mbili na nusu.

Dada yako,
Eulalie